Mita Mia Mbili Themanini na Sita

Siku chuo kilipofungwa, watu elfu nne walikuwa wanatoka na mtu mmoja alikuwa anaingia.

Uwanja wa bweni ulikuwa umefurika. Masanduku, ndoo, magodoro yaliyofungwa kwa kamba, feni zilizokumbatiwa kama watoto wachanga. Kila mtu alikuwa na barakoa usoni na simu sikioni, akimweleza mtu fulani kwamba yuko njiani. Kwenye meza iliyowekwa mlangoni alikaa msichana wa mwaka wa mwisho, mwanafunzi wa ushauri nasaha, gauni lake la buluu lenye mifuko miwili mikubwa limemganda mgongoni kwa jasho. Kazi yake ilikuwa kupokea funguo na kuweka alama kwenye orodha, na tangu asubuhi hakuwa ameinua kichwa. Alikiinua pale sauti moja iliposema, "Samahani, naomba ufunguo," wakati wengine wote walikuwa wanarudisha.

Mbele yake alisimama kijana mrefu, mwembamba, viatu vimegeuka rangi kwa vumbi. Begani alibeba ile miguu mitatu ya mbao ambayo wapima ardhi husimamishia kifaa chao. Barakoa yake ilikuwa ya kitambaa kizito cha kijani chenye maua makubwa meupe, kitambaa ambacho mtu mwenye akili timamu hawezi kukichagua kukiweka usoni.

"Kaka, foleni ya kutoka inaanzia kule kwenye bomba."

"Sitoki. Naingia. Chumba mia mbili na kumi na saba, kama hamjakigawa."

"Watu wanakimbia, wewe ndiyo kwanza unakuja?"

"Nimefukuzwa nyumbani."

"Umefanya nini?"

"Nimepumua."

Alisema kama utani, lakini macho hayakutania. Alikuwa ametoka mafunzoni, mwezi mzima wa kupima viwanja, kila wiki nyumba nyingine na watu wengine. Mama yake alikuwa na mapafu mabovu ya miaka kumi na miwili, na kwenye nyumba ile hakukuwa na chumba cha kumtenga mtu. Kaka yake mkubwa alimkuta getini akanyoosha mkono kumzuia. Mama akasema naye kutoka dirishani: mwanangu, nakupenda, rudi chuoni mpaka haya yapite. Mama alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ameteremsha pazia la sebuleni, akalikata, akashona barakoa sita, akazitundika getini ndani ya mfuko.

"Kwa hiyo sasa dirisha liko uchi," kijana alimalizia, "na pazia nimelivaa mimi."

Msichana alicheka, mara ya kwanza siku hiyo, kisha akaona haya, maana nyuma ya kijana yule kulikuwa na watu wanalia. Akampa ufunguo. Kijana akafungua mfuko, akatoa barakoa moja mpya, akaiweka pembeni ya meza.

"Hiyo yako imelowa," alisema. "Ila usiipoteze. Mama amesema nikirudi nirudi nazo zote sita, atalishona tena pazia lake."

* * *

Walibaki watu arobaini na watatu katika bweni la watu mia sita. Wengine mipaka ilikuwa imefungwa, wengine kwao kulikuwa na mgonjwa, wengine hawakusema sababu na hakuna aliyewauliza. Korido zilikuwa ndefu mno kwa watu wachache kiasi kile. Ukiangusha kijiko ghorofa ya tatu, aliye ghorofa ya kwanza anashtuka.

Chuo kilitafuta namna ya kutowaacha peke yao. Chumba kilichokuwa stoo ya vifaa vya michezo kikapewa jina la Dawati la Kusikiliza, ingawa bado kilinuka mipira na nyavu. Wakawekwa wanafunzi watano wa ushauri nasaha na simu tano, kila mmoja na orodha ya watu wa kuwapigia kila asubuhi, walio bwenini na walio makwao. Maswali yalikuwa machache na visanduku vya kujaza vitatu: Mzima. Ana shida. Hakupokea. Asiyepokea siku tatu mfululizo, mlango wake hufunguliwa. Mkuu wa dawati alikuwa mwalimu wao, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye kila mtu alimwita Mshauri. Alibandika masharti ukutani kwa mwandiko wake mwenyewe. La kwanza: Msikilizaji haahidi. La mwisho: Habari ya msiba hutolewa na Mshauri peke yake.

Msichana wa gauni la buluu alianza kupiga simu zake saa nne kamili bila kukosa, ndiyo maana wakamwita Dada Saa Nne. Kwenye orodha yake ya watu ishirini na sita, wa kumi na tisa alikuwa kijana wa barakoa ya pazia, ambaye bweni zima lilikuwa limeshambatiza Mpimaji.

"Umelala vizuri?"

"Nimelala ubavu."

"Umekula?"

"Chai na mkate. Mkate wenyewe wa siku nyingi, nimeupa shikamoo kabla sijaung'ata."

"Kuna wazo lolote linalokusumbua?"

"Lipo. La kukuoa. Lina kisanduku?"

"Halina."

"Basi liandike pembeni kwa penseli. Likikomaa utalipitishia wino."

"Kaka, nina watu saba bado wa kuwapigia."

"Wape salamu zangu wote. Waambie simu yao imechelewa kwa ajili ya mapenzi."

Akamwekea alama kwenye Mzima, akajikuta anatabasamu mbele ya ukuta wenye masharti.

Matroni wa bweni, mama mnene mwenye funguo nyingi kiunoni zilizomtangulia kwa mlio popote aendapo, alimpa Mpimaji kopo la rangi nyeupe achore alama za kukaa mbalimbali: kwenye foleni ya chakula, bombani, uwanjani. Alizipima zote kwa utepe, mita mbili kamili, kwa umakini wa mtu anayegawa urithi. Alipomaliza, rangi ilikuwa imebaki. Akachora maduara mawili yaliyojitenga karibu na ukuta wa jiko, mahali penye kivuli cha alasiri.

"Haya ya nani?" Dada Saa Nne alimuuliza.

"Lile lako, hili langu. Saa kumi kila siku. Usipokuja nitaongea na duara."

Alikuja. Alikuja siku ile, na ya pili, na zote zilizofuata, barakoa ya maua meupe usoni, mikono ndani ya mifuko ya gauni. Waliongea wakiwa wamesimama, mita mbili katikati yao ambazo hakuna aliyezivuka. Mpimaji alimweleza jinsi mama yake anavyoshona akiwa ameng'ata pini midomoni na bado anagomba watu. Naye alimweleza habari za shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea peke yake tangu akiwa na miaka mitano na ambaye hakuwahi kuingia darasani. Shangazi huyo alikuwa ameshashona gauni la kuvaa siku ya mahafali, mwaka mmoja kabla.

"Mnasimama kama nguzo za goli," Matroni aliwatania akipita. "Na mpira hamna."

"Mpira utakuja, mama," Mpimaji alimjibu.

"Ukija ndani ya bweni langu nautoboa!"

Lakini siku hazikuwa za kucheka. Jumanne moja gari la wagonjwa lilikuja kumchukua wa saba kwenye orodha ya Dada Saa Nne, kijana wa sheria aliyekuwa anajibu kila swali kwa "alhamdulillahi, nashukuru sana". Alhamisi ikaja habari kwamba hatarudi. Asubuhi ya Ijumaa alifika kwenye lile jina akakaa kalamu mkononi. Hakuna kisanduku kilichomfaa. Akaliruka, akampigia wa nane, akamuuliza kama amelala vizuri.

Saa kumi alisimama kwenye duara lake bila kusema neno. Mpimaji hakumwambia ajikaze. Alisimama tu kwenye lake mpaka kivuli cha ukuta kikawafunika wote wawili.

"Nimechoka kuwaambia watu kwamba yatapita," Dada Saa Nne alisema hatimaye.

"Mimi usiniambie. Mimi niambie ukweli tu. Niahidi kitu kimoja: ukisikia lolote kuhusu mama, uniambie siku hiyohiyo. Usinitilie sukari."

"Msikilizaji haahidi. Imeandikwa ukutani."

"Hiyo ni saa nne. Sasa hivi ni saa kumi."

Akamtazama. "Naahidi."

"Na ya pili. Siku nikiruhusiwa kwenda nyumbani, unisindikize mpaka kituoni. Mita mia mbili themanini na sita kutoka getini, nimezipima mwenyewe."

"Hiyo nyepesi."

"Ndiyo maana nimeiweka ya pili."

* * *

Wiki iliyofuata ugonjwa ulipamba moto mjini. Matroni akamwita tena Mpimaji na kopo lake, safari hii achore mstari getini, kutoka nguzo hadi nguzo. Tangazo likabandikwa juu yake: atakayeuvuka, hata hatua moja, hatarudi bwenini ila kwa kupitia siku kumi na nne katika Jengo la Kusini, lile la kutengwa. Mlinzi wa geti, mzee mwenye koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote hata jua likiwaka, akapewa daftari la kuwaandika.

Siku mbili baadaye zikatoka ratiba za mitihani. Mpimaji angemaliza wake Ijumaa. Dada Saa Nne alibakiwa na mmoja, wa mwisho kabisa katika masomo yake, siku kumi baada ya Ijumaa hiyo, Jumatatu. Aliye Jengo la Kusini haingii ukumbini. Anayeukosa mtihani ataungoja mwaka mzima.

Jumatatu ya wiki ya mitihani ya Mpimaji, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, simu ya dawati ililia kabla ya wakati wake. Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, imekauka.

"Hapo ndipo mnapowasaidia wanafunzi? Mimi ni kaka yake na yule kijana wa kupima ardhi. Mama yetu ametutoka alfajiri."

Dada Saa Nne alishika ukingo wa meza.

"Msimwambie," sauti iliendelea. "Ana mitihani mpaka Ijumaa. Mama mwenyewe ndiye aliyesema, mdogo wenu asiambiwe kitu mpaka amalize. Ni neno lake la mwisho lenye maana, mengine yalikuwa ni kukohoa. Na hata akija hataruhusiwa. Tunazika leo, watu kumi, basi. Dada yangu, nakuomba. Mwacheni amalize."

Alikwenda moja kwa moja kwa Mshauri.

"Nilimwahidi kumwambia siku hiyohiyo."

Mshauri alivua miwani. Hakumgombeza, na heri angemgombeza. "Ukutani pale pameandikwaje, mwanangu?"

"Najua pameandikwaje."

"Ukimwambia leo ataruka ukuta. Watamkamata njiani. Mazishini hatafika, na mtihani atakuwa ameukosa. Nionyeshe amepata nini." Akaivaa tena miwani, akasema kwa upole, "Ijumaa akitoka ukumbini nitamwambia mwenyewe, nawe utakuwa pembeni yangu. Familia imeamua. Sisi ni wa kusikiliza tu."

Saa nne ikafika. Wa kumi na tisa.

"Umelala vizuri?"

"Sijui nikwambie nini. Mama hapokei simu tangu jana. Kaka anasema imeingia maji. Wewe unaonaje?"

Angeweza kukata. Angeweza kulia, na Mpimaji angeelewa. Badala yake aliisikia sauti yake mwenyewe, laini, ya kazini, ile waliyofundishwa mwaka wa pili.

"Simu huingia maji," alisema.

"Kweli. Na yeye anaiweka pembeni ya ndoo kila siku, tumesema mpaka tumechoka." Alicheka kwa ahueni. "Asante, kipenzi. Tuonane saa kumi."

Walionana saa kumi, wakati watu kumi walikuwa wameshamzika mama na kunawa mikono. Walionana Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mpimaji alimweleza maswali yaliyotoka, akamwonyesha kwa vidole jinsi alivyokosea hesabu moja akairekebisha, akamtania, akacheka. Naye alicheka pia. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye kuliko mengine yote: kwamba mara mbili tatu alicheka kwelikweli.

Alhamisi Dada Saa Nne alifungua mdomo amwambie.

"Nini?" Mpimaji aliuliza.

"Kesho ukimaliza nitakuwa nje nakungoja."

"Ukiwa umevaa gauni lile la buluu?"

"Lile lile."

"Basi karatasi nitaimaliza kwa nusu saa."

* * *

Ijumaa alimngoja nje ya ukumbi. Mshauri alikuwa hatua chache nyuma, amesimamishwa na msimamizi wa mtihani aliyetaka sahihi yake kwenye karatasi fulani. Dakika mbili tu. Milango ikafunguliwa, wanafunzi wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja akiokota simu yake kwenye kapu.

Mpimaji alimwona akiwa mbali, akainua mkono. Akaiwasha simu huku anatembea. Ikalia mara moja, kisha tena, kisha mfululizo. Akaitazama. Akapunguza mwendo. Akasimama mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote, katikati ya njia, watu wakimpita kushoto na kulia.

Ulikuwa ujumbe wa mtu waliyesoma naye zamani. Pole sana ndugu yangu kwa msiba wa mama, nimechelewa kusikia, mmezika lini?

Dada Saa Nne alimfikia. Mpimaji aliinua uso, na katika uso ule bado kulikuwa na tumaini dogo, tumaini kwamba yeye ndiye atakayemwambia si kweli.

"Umesikia kitu hiki?"

"Nimesikia."

"Sasa hivi?"

"Hapana."

"Lini?"

"Jumatatu."

Alihesabu. Ungemwona anahesabu, midomo ikicheza, kama alivyozoea kuhesabu kila kitu. "Jumatatu uliniambia simu huingia maji."

"Kaka yako aliomba. Mama mwenyewe..."

"Sikuuliza kaka aliomba nini. Kaka hakuniahidi kitu." Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Siku nne, dada. Siku nne nakueleza hadithi za mama yangu, unauliza maswali, unacheka. Alikuwa anashona nini, akasema nini. Ulikuwa unauliza habari za mtu aliye kaburini."

Hakuwahi kumwita dada hivyo, bila Saa Nne, kama mtu anavyomwita karani wa dirishani.

Mshauri alifika, akamshika Mpimaji kiwiko, akamketisha kwenye benchi. Mpimaji alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, mwalimu," akapanda ghorofani, akafunga mlango.

Jumamosi: Hakupokea. Jumapili: Hakupokea. Saa kumi Dada Saa Nne alisimama kwenye duara lake peke yake, siku zote mbili, mpaka kivuli kilipofika. Matroni alipita na funguo zake, na safari hii hakutania. Chakula kilichopelekwa mlangoni pa chumba mia mbili na kumi na saba kilirudi kama kilivyokwenda. Chumbani kwa Dada Saa Nne, vitabu vya mtihani wake vilikuwa wazi ukurasa uleule. Aliwaza kwamba amejifunza miaka mitatu namna ya kumshika mtu asianguke, na mtu mmoja aliyempenda amemsukuma mwenyewe, kwa sauti laini.

Jumatatu: Hakupokea.

Mchana huo alipanda ngazi na Matroni. Matroni alikuwa ameshachagua ufunguo.

"Mama, nipe nafasi kwanza."

"Siku tatu ni siku tatu, mwanangu. Naogopa nitakachokikuta humo."

"Hata mimi. Nipe dakika tano."

Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, mlango ubavuni pake. Hakuomba msamaha. Alianza kusema, na safari hii hakutumia ile sauti ya kazini.

"Jumatatu, saa tatu na dakika ishirini, kaka yako alipiga. Alisema mama ametutoka alfajiri. Alisema mama aliagiza uachwe umalize. Alisema watazika siku hiyohiyo, watu kumi. Nilikwenda kwa Mshauri, nikamwambia nimekuahidi. Aliniuliza utapata nini ukijua, na mimi nikakosa jibu. Jibu lilikuwa kwamba ni mama yako, na ni siku zako. Sikulisema. Nikaja kukudanganya. Ndiyo yote niliyonayo, hakuna lingine nililolificha."

Matroni aliusogeza ufunguo karibu na kitasa.

"Walimzika saa ngapi?" Sauti ilitoka ndani, chini, karibu naye sana. Naye alikuwa ameketi sakafuni, upande wa pili wa mlango.

"Sijui."

"Wapi? Nyuma ya nyumba?"

"Sijui. Sikuuliza. Nisamehe. Ningeuliza."

Mlango ulifunguka. Alikuwa amevaa shati lilelile la Ijumaa, ndevu zimechomoza, macho yamedidimia. Kitanda hakikuwa kimelaliwa. Mezani palikuwa na karatasi kubwa ya kuchorea ramani, imejaa mistari myembamba ya penseli: nyumba, geti, bomba, chumba cha cherehani, mti wa mpaka, kila kitu kwa vipimo. Nyuma ya nyumba palikuwa peupe, pamefutwafutwa mpaka karatasi imechakaa.

"Nimechora nyumbani kote," alisema. "Sijui tu nimweke wapi."

Matroni aligeukia korido akafuta macho kwa upindo wa kanga.

Dada Saa Nne alitoa simu mfukoni, akampigia kaka, akaiweka sauti ya juu, akaisogeza sakafuni katikati yao.

"Kaka, niko na mdogo wako. Anataka kujua alipo mama. Tafadhali simama mlango wa nyuma, utembee mpaka pale, ukihesabu hatua."

Upande wa pili mlango ukasikika ukilia. "Moja," alisema kaka. "Mbili. Tatu." Mpimaji akapiga magoti mbele ya karatasi, akashika penseli. "Kumi na nne. Hapa napinda kulia, kwenye bomba. Kumi na tano." Kufika ishirini sauti ya kaka ilikuwa imeanza kukatika. Kufika thelathini mtu mzima yule alikuwa analia waziwazi, na bado anahesabu. "Thelathini na saba. Thelathini na nane. Hapa. Mdogo wangu, hapa. Dirisha la sebuleni linapaona."

Mpimaji aliweka nukta. Akaiandikia pembeni, kwa herufi ndogo safi, Mama. Ndipo alipolia, paji la uso juu ya meza. Dada Saa Nne aliketi pale mlangoni, mita mbili, hakumgusa na hakuondoka. Alimwacha alie mpaka akaomba maji.

* * *

Kibali cha kusafiri kilitoka Alhamisi, basi la saa nane mchana. Asubuhi ya siku hiyohiyo shangazi yake Dada Saa Nne alipiga simu.

"Ni Jumatatu hiyo ya mwisho, sivyo? Gauni langu limetundikwa ukutani, kila nikipita nalitazama."

"Shangazi, na kama nitachelewa mwaka?"

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi usinitanie hivyo, mwanangu. Miaka kumi na saba nangoja siku moja. Mwaka huu nimezika marafiki watatu, moyo wangu si wa kutaniwa."

Saa saba na nusu Mpimaji alikuwa getini na sanduku lake, miguu mitatu begani, karatasi ya ramani imekunjwa chini ya kwapa. Dada Saa Nne alikuja akiwa amevaa gauni la buluu na barakoa ya maua meupe.

"Hiyo barakoa," Mpimaji alisema, "baki nayo. Pazia halitashonwa tena."

"Umenisamehe?"

Alifikiri. Hakumtilia sukari. "Bado. Nataka kukusamehe. Nikiamka asubuhi ndilo jambo la pili ninalolitaka." Akauona mstari mweupe chini, ule alioupaka kwa mkono wake mwenyewe. "Na ile ahadi ya kituoni, ifute. Tulipoahidiana mstari huu haukuwapo. Una mtihani Jumatatu. Niage hapahapa."

"Ile ya kwanza niliivunja kwa sababu kila mtu alikuwa na sababu nzuri."

"Usifanye hivyo. Sikuombi."

"Ndiyo. Huniombi."

Akavuka mstari.

Mzee wa geti aliinuka kwenye kiti, akatazama kushoto na kulia. "Binti, rudi," alinong'ona. "Hatua moja tu hiyo. Mimi macho yangu mabovu, sijaona kitu."

"Andika tu, mzee wangu."

Mzee alilifungua daftari taratibu, kama mtu anayengoja mwenzake abadili mawazo. "Saa saba na dakika thelathini na nne. Sababu?"

"Kusindikiza."

Kalamu ilisita, kisha ikaandika.

Walitembea kandokando ya barabara, yeye upande wa ukuta, Mpimaji upande wa njia, mita mbili katikati yao. Maduka yalikuwa yamefungwa, vumbi limekaa juu ya makufuli. Hawakusema mengi. Penye duka la dawa Mpimaji alisema, "Mia na kumi." Penye kona alisema, "Mia mbili," akaishia hapo. Dada Saa Nne akaiendeleza hesabu kwa ajili yake, taratibu, hatua kwa hatua, mpaka kibao cha kituo.

"Mia mbili themanini na sita," alisema.

"Umezipata sawasawa," alimjibu Mpimaji.

Basi lilikuwa na watu sita tu. Alipanda, akakaa dirishani, akaweka kiganja chake kwenye kioo. Dada Saa Nne aliinua chake hewani, mbali vilevile kama walivyosimama siku zote. Mpimaji alisema kitu nyuma ya kioo, lakini injini ilikuwa imeshawaka, na barakoa ilikuwa imemfunika midomo.

Basi likaondoka. Alisimama mpaka lilipokata kona, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akageuka kulitazama geti na ukuta wa Jengo la Kusini nyuma yake. Kisha akaanza kuzihesabu mita za kurudi.